Mji wa Hela: Habari za Schwäbisch Hall na Langenburg

Twawasalimu ninyi mlioko Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, ninyi wa milimani Mbinga mnaolima kwa mashimo ya ngoro, na ninyi wanafunzi mnaofuata maneno haya kitabuni pamoja na mwalimu wenu. Jioni hii tutazungumza habari za miji miwili midogo ya Ujerumani, miji ya kale sana, na vyakula tulivyovila huko. Labda mtu atauliza, "Miji ya Ulaya yatuhusu nini sisi wa Ziwa Nyasa?" Jibu limo vinywani mwenu. Mwanamke wa pwani hii akiuza sado ya usipa husema amepata hela. Mkulima wa kahawa akicheleweshewa malipo husema hana hela. Neno hilo lina kwao, na huko kwao ndiko tulikokwenda.

Tulikuwa walimu watatu wa chuo cha ualimu: wawili ni watu wa ziwani, na wa tatu ni Mngoni wa Songea, Mwislamu. Tulialikwa na wenyeji waliokuwa na urafiki wa siku nyingi na chuo chetu, tukaondoka mwezi wa Mei, mwaka 2023. Habari za ndege na gari moshi hatutazieleza, kwani wasafiri wengi wamekwisha kuzieleza, na tena tulisinzia njia nzima.

Mji wa kwanza waitwa Schwäbisch Hall. Umo bondeni, katika jimbo la Baden-Württemberg, na mto Kocher wapita katikati yake. Si mto mkubwa. Mtu aliyeuona Ruhuhu wakati wa masika angeudhania kijito. Nyumba zake za kale zimejengwa kwa maboriti ya mti yaliyoungwa wima, kingamo na mshazari, na nafasi zilizobaki katikati zimezibwa kwa udongo na mawe, kisha kupakwa chokaa. Tulipoikaribia nyumba moja na kuigusa, mwenzetu alicheka, akasema, "Hii ni nyumba ya fito na udongo, ila fito zao ni nene na fundi hakuwa na haraka." Tuliona amesema kweli. Nyingine zimesimama miaka mia tano, ingawa zimeinama kidogo na kuegemeana. Nyingi zaidi zingalibaki kama si moto, kwani mwaka 1728 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji.

Mbele ya kanisa la Mtakatifu Mikaeli pana ngazi pana sana ya mawe, yenye vipandio zaidi ya 50, iliyojengwa mwaka 1507. Tangu mwaka 1925 watu wa mji huonyesha michezo ya kuigiza juu ya ngazi hiyo wakati wa joto, na watazamaji huketi chini sokoni. Hapo sokoni pana kisima cha mwaka 1509 chenye sanamu za watakatifu, na kando ya sanamu hizo pana nguzo ya kufungia wakosaji, wakae hapo watu wote wawatazame na kuwacheka. Tuliitazama nguzo ile kwa muda mrefu. Wanafunzi hutuuliza mara kwa mara kama watu wa kale wa Ulaya walikuwa wapole kuliko watu wa kale wa huku. Tangu sasa tutawaonyesha picha yake.

Basi mji huu ulipata wapi mali ya kujengea ngazi na makanisa? Aliupa chumvi. Karibu na mto kuna chemchemi ya maji ya chumvi. Mwaka 1939 wachimbaji waligundua vyombo na mahandaki ya watu waliokuwa wakichemsha maji hayo tangu kabla ya kuzaliwa Kristo. Katika karne za kati kazi ilikuwa kubwa mno. Maji yalivutwa kisimani, yakatiwa katika masufuria mapana ya chuma, yakachemshwa mchana na usiku mpaka chumvi ikabaki chini. Kuni zilikatwa katika misitu ya juu, magogo yakatupwa mtoni, mto ukayaleta wenyewe hata mjini, na watu wakayaopoa kwa kulabu. Mama zetu wa pwani wanaochemsha na kukausha samaki wajua kuni zina gharama gani. Basi fikirini mji uliochemsha maji kwa karne nyingi. Chumvi ilichukuliwa kwa magari ya farasi mpaka nchi za mbali. Kazi ile ilikoma mwaka 1924, maana chumvi ya migodini ilikuwa rahisi zaidi.

Tulifika kwa bahati njema siku za Pentekoste, ambapo wenyeji hufanya sikukuu ya wachemsha chumvi, iitwayo sikukuu ya keki na kisima. Wanasimulia kwamba katika karne ya 14 kinu cha kusagia nafaka kilishika moto, na wachemsha chumvi, ambao siku zote walikuwa na maji na ndoo karibu, ndio waliouzima. Wakuu wa mji wakawazawadia keki kubwa. Kila mwaka vijana huvaa mavazi ya kale, hupiga ngoma na filimbi, huichukua keki kwa maandamano, na jioni huigiza kuungua kwa kinu na kuzimwa kwake. Tuliwaona wasichana kwa wavulana wakicheza kwa hatua za taratibu, wazee wakiwatazama kwa macho makali wasikosee. Mwenzetu wa Songea alisema ni kama ligihu, ila hapana vumbi.

Sasa tuje kwenye hela. Mwishoni mwa karne ya 12 palikuwa na karakana ya kifalme ya kupiga sarafu katika mji huu. Sarafu yake ilikuwa ya fedha, ndogo, nyepesi kama gamba la samaki. Upande mmoja ina mkono uliokunjuliwa, na upande wa pili msalaba. Watu wakaiita Heller, yaani ya Hall. Kwa kuwa ilikuwa ndogo na rahisi, ilipendwa na wachuuzi, ikaenea katika sehemu kubwa ya nchi za Wajerumani. Miji mingine ikaiga. Na kama ilivyo desturi ya wenye kupiga sarafu, kila mmoja akapunguza fedha kidogo na kuongeza shaba kidogo, hata mwisho ikawa nyekundu. Mpaka leo Mjerumani akitaka kusema kwamba hana kitu kabisa husema hana hata Heller nyekundu. Mji wenyewe haujaacha kazi ya fedha: chama kikubwa cha kuweka akiba ya kujengea nyumba, kinachojulikana Ujerumani nzima, kina makao yake hapo na jina la mji ndilo jina lake.

Mwaka 1904 serikali ya Wadachi katika nchi yetu ilibadili hesabu ya fedha. Kabla ya hapo rupia moja ilikuwa na pesa 64. Tangu mwaka huo ikawa na Heller 100. Zililetwa sarafu za shaba, na baadaye nyingine zenye tundu katikati, ambazo watu walizitunga katika uzi. Wazee wetu hawakuwa na haja ya herufi za mwisho za neno lile, wakasema hela. Waingereza walipochukua nchi waliziondoa sarafu hizo, wakaleta florini mwaka 1920 na shilingi mwaka 1921. Sarafu ilikwenda, jina likabaki. Huko Ujerumani kwenyewe hapana mtu anunuaye mkate kwa Heller. Ni sisi tu tunaoitaja kila siku, sisi pamoja na jirani zetu, katika soko la samaki na katika foleni ya benki.

Jumapili ya Pentekoste tulikaribishwa kula nyumbani kwa mwenyeji wetu, mzee aliyekuwa mwalimu wa historia kabla ya kustaafu, pamoja na mkewe. Tungependa kueleza chakula kile kwa utaratibu, maana kilitufundisha mengi.

Kwanza ililetwa supu ya rangi ya kijani iliyofifia, yenye harufu ya moshi. Mama mwenyeji alieleza kwamba ni ngano ya aina ya kale, ambayo katika wilaya za karibu huvunwa ikiwa mbichi, ingali laini, kisha hukaushwa juu ya moshi wa kuni. Tulipouliza kwa nini wasingoje iive, alijibu kwamba zamani mvua na baridi ziliharibu mavuno, na watu wakaogopa njaa. Wakakata walichoweza kukata kabla hakijaoza, wakakikausha kwa moto. Jambo lililoanza kwa hofu ya njaa limekuwa sasa kitoweo cha wageni. Sisi watatu tulitazamana. Nani katika pwani yetu asiyejua mwezi wa Februari, ghala tupu na mahindi bado mabichi, na mama anakwenda shambani kuchagua yaliyotangulia?

Kisha ikaja sahani ya dengu, na pamoja nayo tambi fupi nene wanazoziita Spätzle. Unga wa ngano huvurugwa kwa mayai mengi, hukwaruzwa vipande vipande kutoka kwenye kibao na kuangukia katika maji yanayochemka, na vikielea juu vimeiva. Dengu hutiwa siki kidogo. Juu yake huwekwa soseji nyembamba. Waliosoma au kutibiwa Peramiho, ambako watawa Wabenediktini walianza kazi mwaka 1898, hawatashangaa kusikia habari za soseji. Palikuwa na nyama ya nguruwe pia, na nguruwe huyo ana historia yake. Mwanzoni mwa karne ya 19 mfalme Wilhelm wa kwanza wa Württemberg aliagiza nguruwe kutoka China, akawapandisha na wa nchi yake. Wakazaliwa nguruwe weusi kichwani na nyuma, weupe katikati. Baadaye watu walitaka nguruwe wenye nyama kavu isiyo na mafuta, na hawa weusi wakadharauliwa, hata mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakakaribia kwisha kabisa. Wakulima wachache wakawatafuta waliosalia zizi kwa zizi, wakawazalisha, na mwaka 1988 wakaunda chama chao cha kuuza nyama. Sasa nyama hiyo ni ghali kuliko nyingine. Tunalisema jambo hili polepole ili wasikie wale wanaotupa mbegu za mababu zao kila mara duka linapoleta pakiti mpya.

Mwenzetu Mwislamu hakula soseji wala nguruwe, wala hakunywa kinywaji chao cha matufaha yaliyochachuka. Mama mwenyeji alikwisha kuulizia mapema. Alipika dengu zake katika sufuria ya peke yake, na kijiko chake cha kupakulia alikitenga, akamwonyesha kwa mkono wake mwenyewe bila kusema neno. Adabu ya namna hiyo haihitaji mkalimani.

Chakula kilipokaribia kwisha, mzee aliuliza, "Kwa lugha yenu fedha mwaiitaje?"

Tukamjibu, "Twasema fedha, twasema pesa, na mara nyingi twasema hela."

Akaweka uma chini. "Hela?" Akaenda chumbani, akarudi na kijikaratasi kilichokunjwa, akakifunua mezani. Ndani yake mlikuwa na Heller ya kale yenye mkono na msalaba. Nasi tulikuwa na yetu, shaba ya mwaka 1905, iliyookotwa shambani na jamaa wa mmoja wetu jembe lilipoigonga. Zikawekwa kando kwa kando juu ya kitambaa cheupe. Mama mwenyeji alifurahi kama mtoto, akasema ni kama ndugu wawili waliopotezana.

Ndipo mzee akauliza, "Ilifikaje kwenu?"

Wasikilizaji, hapo palikuwa na njia mbili. Tungaliweza kusema ililetwa na wafanya biashara, na chakula kingaliendelea vizuri. Lakini mwenye kuulizwa alikuwa mwalimu, na mwenye kuuliza alikuwa mwalimu pia. Mwenzetu wa Songea alifuta mikono yake, akajibu kwa Kiingereza cha pole. Alisema kwamba wengi wa wazee wetu waliijua sarafu hiyo kwa ajili ya kodi. Tangu mwaka 1898 serikali ilidai kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kawaida ya shamba, na baada ya mwaka 1904 rupia 3 zilikuwa hela 300. Asiyekuwa nazo alizitafuta kwa kufanya kazi ya watu wengine, mbali na shamba lake. Kodi ilikuwa moja ya mambo yaliyoleta vita vya Maji Maji mwaka 1905. Vita vilipofika Ungoni, serikali iliona kwamba bunduki peke yake hazitoshi, basi askari wakachoma maghala na mashamba, wakachukua mifugo, ili njaa imalize kazi. Tarehe 27 Februari 1906 wakuu wengi wa Wangoni walinyongwa Songea. Hesabu ya serikali yenyewe ya Wadachi ilitaja watu 75,000 waliokufa katika nchi zote za vita. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, na walio wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na njaa.

Mwenzetu akamalizia kwa habari za nyumbani kwao. Mama wa babu yake, akiwa msichana, alishuka milima pamoja na dada yake mpaka pwani ya ziwa, wakaomba muhogo na samaki kwa watu wa Nyasa. Dada hakufika. Yeye alifika, akapewa ugali wa muhogo na usipa, na maisha yake yote, hata alipokuwa na watoto na wajukuu na ghala lililojaa, hakukubali mtu aseme mbele yake kwamba usipa ni chakula cha maskini.

Walikaa kimya. Mama mwenyeji alikuwa ameshika bakuli la dengu, hakujua aliweke wapi. Mzee hakujitetea, wala hakusema kwamba hayo ni ya zamani. Alisema alifundisha historia miaka mingi na jina la Maji Maji alilijua kwa mistari michache ya kitabu. Jina la Songea hakulijua. Kisha akamwomba mkewe alete kahawa. Tukainywa. Tuliuliza imetoka wapi, maana sisi wa Mbinga huuliza swali hilo kila tunapokunywa kahawa ya watu. Pakiti ilisema Afrika ya Mashariki tu.

Kesho yake mzee alikuja kutuchukua kwa motakaa pasipo kutuambia twendako. Alitupeleka Hessental, mtaa wa pembeni mwa mji ule ule, karibu na stesheni ya gari moshi. Hapo palikuwa na kambi ya wafungwa tangu mwaka 1944 mpaka Aprili 1945. Wengi wao walikuwa Wayahudi kutoka Poland, waliofanyishwa kazi ngumu kwa chakula kidogo mno, na wengi walikufa. Leo pana mahali pa kumbukumbu kando ya reli. Mzee alisema kwamba alipokuwa mtoto hakuna mtu mzima aliyewahi kumweleza habari ya kambi ile, ijapokuwa wote walipita hapo kupanda gari. "Jana mmetuambia la kwenu," alisema. "Nami sikutaka mwende zenu hamjaliona la kwetu." Hatukuwa na la kujibu. Tulisimama naye mpaka gari moshi likapita.

Siku ya nne tulikwenda Langenburg, kiasi cha nusu saa kwa gari. Wazee wa kaskazini mwa ziwa letu watalikumbuka jina hilo. Katika miaka ya 1890 Wadachi walijenga kituo chao cha kwanza cha Ziwa Nyasa mahali paitwapo Lumbila, wakakiita Langenburg. Baadaye walipohamia milimani wakauita mji mpya Neu-Langenburg, nao ndio Tukuyu ya leo. Katika siku hizo pwani yetu nzima ilivishwa majina ya ugenini. Manda ilikuwa Wiedhafen. Liuli ilikuwa Sphinxhafen, kwa ajili ya lile jiwe linalofanana na sanamu ya Misri, na hapo ndipo meli yao Hermann von Wissmann ilipopigwa na Waingereza wa meli Gwendolen tarehe 13 Agosti 1914, ingali imepandishwa pwani kutengenezwa, na nahodha wake hajui hata kwamba vita vimeanza. Jina la Langenburg lilitolewa kwa heshima ya Hermann, mwana wa ukoo wa Hohenlohe-Langenburg, aliyekuwa mkuu wa chama cha Wajerumani cha kutafuta makoloni. Yeye mwenyewe hakukaa hapo. Jina lake tu ndilo lililokaa.

Langenburg wa asili ni mji mdogo, watu wake hawafiki elfu mbili. Umejengwa juu ya mgongo wa kilima kirefu chembamba, mto Jagst ukipita chini sana, na una njia kuu moja inayokwenda moja kwa moja mpaka ngome ya mtawala. Jina lake limo katika hati tangu mwaka 1226. Ngome iliungua sehemu mwaka 1963, ikajengwa upya, na tangu mwaka 1970 zizi la farasi limekuwa nyumba ya kuonyeshea motakaa za kale. Tulipita haraka, maana shabaha yetu ilikuwa biskuti.

Mwaka 1763 mwoka keki wa mji huo, Jakob Christian Carl Wibel, alitengeneza biskuti ndogo sana, na mpaka leo zaitwa Wibele kwa jina lake. Ukubwa wake ni kama ukucha wa kidole gumba, na umbo lake ni matone mawili yaliyoungana, mfano wa unyayo wa mtoto mchanga. Vitu vyake ni vichache: weupe wa mayai, sukari iliyosagwa, unga wa ngano, na vanila kwa ajili ya harufu. Ustadi wote umo katika kungoja. Matone yakiisha kupangwa juu ya bati huachwa saa nyingi yakauke juu, ndipo yaingie jikoni. Ngozi ya juu ikiwa kavu, moto huyainua kutoka chini, na kila biskuti huota kijiguu. Ukifanya haraka hakuna kijiguu. Tulikula mbili mbili, tatu tatu. Zavunjika mdomoni kama barafu kavu, utamu wake wakaa kidogo, nao umekwenda.

Muuzaji alituuliza tumetoka nchi gani. Tukamwambia kwamba katika nchi yetu palikuwa na Langenburg mbili, zote zimerudishiwa majina yao ya kwanza. Alidhani twafanya mzaha. Tukamwonyesha ramani. Akawaita wenzake wawili kutoka jikoni, nao wakaja na unga mikononi, wakainama juu ya ramani kutafuta Lumbila, na wateja wakangoja.

Kabla ya kuondoka tuliomba ruhusa tupike sisi. Tulikuwa tumechukua unga wa muhogo na usipa waliokauka, wamefungwa mara tatu katika mfuko. Mzee alifungua madirisha yote. Jirani mmoja aligonga mlango kuuliza kama pana hatari. Ugali ulisongwa kwa mwiko ulioazimwa, mwembamba mno, nusura uvunjike. Usipa wakaungwa kwa nyanya na kitunguu. Mzee alikula kidogo kwa heshima. Mama mwenyeji alikula, akaongeza, akauliza wale samaki huvuliwaje. Tukamweleza habari za usiku usio na mbalamwezi, taa za mitumbwi zikionekana kama mji juu ya maji. Alipomaliza alimwuliza mwenzetu wa Songea, "Hiki ndicho alichopewa?" Akajibu, "Ndicho, Mama." Akachukua kipande kingine cha ugali kwa mkono, akakichovya, akala mpaka sahani ikawa nyeupe.

Miezi mitano baadaye, tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea penye makaburi ya mashujaa, akawaomba msamaha wazao wa waliouawa. Siku ile tulipokea barua kutoka kwa mzee. Aliandika kwamba wameitazama habari hiyo katika televisheni, na mkewe akapaza sauti alipoliona jina la mji.

Wanafunzi wetu waliletewa sanduku la Wibele. Kila mmoja alipata mbili. Kijana mmoja alilalamika kwamba mji mzima umeshindwa kutengeneza biskuti ya kushibisha mtu. Wasichana wa mwaka wa pili wameanza kuzioka wenyewe katika jiko la mkaa, bati chini na makaa juu. Wakati wa mvua hazikufanikiwa, kwani upepo wa ziwa una unyevu na matone hayakukauka. Mwezi wa Juni zilikauka vema, zikaota viguu. Mwenye kutaka kujaribu aweke weupe wa mayai manne, sukari laini na unga kwa kadiri ile ile, apige mpaka mkono uchoke, na asifungue jiko kabla ya wakati.

Muda wetu umekwisha. Kwa herini.